Bibi na Mtakatifu wa Vitu Vilivyopotea

Bweni la Wasichana,
chumba cha mwisho, karibu na bafu.
Jumapili jioni, 9 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naanza na mgongo wako kabla ya yote. Uliniandikia kwamba zamu za usiku wodini zimeuchosha, ukilala unauma, ukiinuka unauma. Je, umepumzika hata kidogo, au bado unainua wagonjwa peke yako kama huna wenzako? Mimi mzima, ila sauti imekauka kabisa, naongea kama bata. Sababu yake utaiona humu. Baba hajambo, karakana yake ina kazi tele na kile kikohozi kimemwacha.

Shangazi, tuliwekeana ahadi kwamba katika barua zetu Bibi hatajwi. Nimeheshimu hilo muda mrefu, nawe unajua kwangu kunyamaza ni adhabu. Leo navunja. Tangu ulipofunga mizigo ukaenda kusomea uuguzi badala ya kuolewa na yule mwenye duka la vitambaa, wewe na mama yako hamsemeshani, na sisi wengine tumekaa katikati tukijifanya hatuoni. Soma mpaka mwisho ndipo unikasirikie.

Basi, chuoni tumecheza mchezo wa kuchekesha kuhusu yule mtakatifu tunayemwomba vitu vikipotea. Yuko mbinguni, amekaa nyuma ya kaunta kama karani wa posta, amechoka hoi, kwa sababu tangu afike huko haombwi kitu cha maana. Ni funguo, miwani na soksi ya mguu mmoja. Kila mwombaji anaulizwa swali lilelile: ulikiona wapi mara ya mwisho? Mtakatifu mwenyewe ni mimi. Usicheke. Mwongozaji wetu, mhadhiri tunayemwita Pumzi kwa sababu hilo ndilo neno analotuimbia kutwa, aliwajaribu wavulana wote na kila mmoja akaishiwa maneno. Akasema anataka mtu ambaye mdomo wake hauna breki, darasa zima likanigeukia.

Nilivishwa kanzu ya kahawia yenye kamba kiunoni, na kichwani kofia ya kuogelea iliyopakwa rangi ya ngozi, eti ni upara. Baba aliponiona alitoka nje, akaegemea ukuta, akacheka mpaka akashika mbavu.

Bibi hakucheka. Alisema mtakatifu si mtu wa kufanyiwa mzaha, tena na msichana mwenye upara wa plastiki. Tangu hapo shikamoo yangu akawa anaiitikia kwa kutikisa kichwa tu. Halafu siku ya maonyesho, huyo hapo, safu ya mbele, kavaa gauni lake la misa, rozari mkononi, uso kaukunja. Baba alininong'oneza kwamba amekuja kutuchunga tusivuke mpaka, na tukivuka atasimama. Nikaingia jukwaani roho mkononi.

Nusu ya kwanza ilikwenda vizuri kuliko mazoezi yote. Watu walivunjika mbavu. Nilipomchungulia Bibi niliona mabega yanatikisika, lakini mdomo kaufumba kama mgonjwa anayekataa dawa. Pale mtakatifu anapojificha chini ya kaunta ili asiombwe tena, kicheko kikamtoka, akajifanya anakohoa.

Sasa nusu ya pili ndiyo yenye mtego. Mtakatifu anashuka ukumbini na kuwauliza watazamaji wenyewe wamepoteza nini. Hapo hakuna maneno ya kukariri, unabuni papo hapo, tena haraka, kabla malaika hajapiga kengele. Malaika wetu ni mwanafunzi wa uhandisi, pande la mtu, mabawa yamembana kwapani. Profesa mmoja alisema amepoteza miwani, nami nilikuwa naiona utosini kwake. Msichana mwingine alipoteza usingizi tangu mwenzake wa chumbani anunue redio. Nikamtuma huyo mwenzake akaungame, na redio abebe. Ukumbi ukalipuka.

Ndipo Bibi akasimama.

Nikajua leo yamenikuta. Baba alimshika mkono, Bibi akausukuma kama mtu anayefukuza nzi. Akasema, "Mimi nimepoteza binti."

Watu walicheka kidogo wakidhani ni utani, kisha wakaacha. Malaika alificha kengele mgongoni. Na mimi, Shangazi, mimi huyuhuyu unayenijua, niliishiwa maneno. Kichwani lilibaki lile swali la mchezo, nikaliuliza kwa sababu sikuwa na jingine. Ulimwona wapi mara ya mwisho?

"Mlangoni kwangu," akasema. "Kashika sanduku la bluu. Aliniaga, nikampa mgongo."

Sauti haikutetemeka. Unamjua. Mtakatifu anatakiwa amwite kila mtu mwanangu, ila kwa Bibi ulimi uligoma. Nikamwambia, "Huyo hajapotea, Bibi. Anwani yake ninayo."

"Najua unayo," akanijibu. "Unadhani nimesimama kwa nini?"

Kumbe miaka yote anajua tunaandikiana. Hapo ukumbi ukaelewa kwamba huyu ni bibi yangu wa kweli, kicheko na makofi vikaja pamoja. Pumzi, nyuma ya pazia, alisahau hata kupumua. Bibi akangoja watulie, akaongeza, "Mwambie nimechoka kununa. Na kile kiburi akiache, ni changu, alinichukulia." Kisha akakaa, akanyoosha gauni, akampungia malaika mkono apige kengele tuendelee.

Nilimaliza mchezo machozi yanachimba njia kwenye poda, huku nacheka. Sikumbuki nilisema nini tena. Nilifurahi, Shangazi, sijawahi kufurahi namna ile.

Nilipomsindikiza Bibi nyumbani, hakuligusa jambo hilo. Alilalamikia kamba ya kanzu yangu, kwamba watawa hawafungi vile. Lakini leo baada ya misa nimepita nyumbani, nikamkuta kasimama juu ya kiti, na umri wote ule, anashusha mapazia ya chumba chako ayafue. Nilipomuuliza akasema yana vumbi. Vumbi hilo limekaa miaka yote, hajawahi kuliona.

Kwa hiyo njoo. Najua likizo kwenu inapatikana kwa mbinde, na najua nawe una maumivu yako, sikwambii uyafute. Uje nayo hayohayo. Nimetumwa mbele ya watu, na hii ndiyo kazi yangu ya kwanza ya utakatifu, usiniangushe.

Baba anakusalimu sana, na kitanda chako ameshakikaza miguu. Mama anauliza kama bado unakunywa chai bila sukari. Hata malaika anakusalimu, ingawa hakujui. Bibi hatumi salamu. Nilimwomba nikiwa na kalamu mkononi, akasema za kwake hazipiti posta, utazipokea mwenyewe.

Mungu akupe njia nyeupe, Shangazi, na mgongo usikusumbue safarini.

Ni mimi Kasuku wako,
nikupendaye kuliko hata ninavyopenda kusema.