Akiki ya Bibi Yako wa Kondoa

Mzee Salimu, shikamoo.

Kibanda chetu cha usonara, ulimonifundishia kazi, bado kipo hapa Bagara. Nafungua mwenyewe, nafunga mwenyewe. Siku nyingine mtu wa kwanza kuniita jina ni dereva wa bajaji, jioni, nikirudi nyumbani.

Wiki iliyopita alikuja binti yako Rukia. Alileta ile hirizi ya bibi yako, kile kijumba cha fedha chenye jiwe jekundu la akiki katikati. Mwanawe alikuwa anasumbuliwa na homa, na jirani alikuwa amemwambia kitu hicho ni cha kichawi.

"Kiyeyushe, Mama Elia," akaniambia. "Nitengenezee hereni. Jiwe nitalitupa ziwani."

Niliwasha jiko, mzee wangu. Mali ni yake, mimi ni nani? Lakini mikono ilikataa. Nilikumbuka siku uliponishikisha jiwe hilo, ukacheka kuniona mimi, Mmbulu wa kanisani, naligeuzageuza nikitafuta maana ya yale maandishi. Ukasema, "Yamechongwa kinyume, kama muhuri. Ligandamize kwenye nta."

Basi nikalainisha nta ya nyuki, nikaligandamiza, nikampa Rukia. Kiarabu mimi sijui. Yeye alisoma madrasa. Akasoma polepole: "Ya Hafidh." Ewe Mlinzi. Jina la Mungu, basi, hakuna kingine.

Akakaa kwenye kigoda chako, akalia. "Baba hakuwahi kuniambia."

Hata mimi uliniambia mengi ya mawe. Ya kwako machache sana.

Tulimpeleka mtoto hospitali pamoja, akapewa dawa, sasa anacheza. Hirizi anaivaa Rukia mwenyewe, nzima kama ilivyokuwa. Nilibadilisha tu kipete cha kupitishia mkufu, kilikuwa kimelika.

Aliponishukuru na kuondoka, niligeuka nikusimulie. Niligeuka kabisa, mzee, na neno la kwanza likanitoka. Nikafunga mapema siku hiyo.

Kazi sitaiacha. Hilo nakuahidi.

Siku ya mazishi wanaume walikubeba, sisi wanawake tukabaki uani na sufuria. Sikuona ulipolazwa. Rukia amenielekeza: Singe, pembeni ya shamba la alizeti. Jumapili nikitoka misa nitakuja. Dua zenu sizijui, nitakaa tu.

Pumzika, mzee wangu. Nikifika nitapiga hodi.

Mama Elia