Kitambaa cha Mama Hakikuwa cha Bitana

Mdogo wangu Yona,

Sikuulizi hali, maana hali yako naiona kwenye simu za watu. Umependeza, umenenepa, raba nyeupe kama chumvi. Mimi nina hasira. Nimemwomba Mungu aniondolee kabla sijashika kalamu, hajaiondoa, basi naandika nayo. Na naandika hadharani kwa sababu simu zangu hupokei, ila wanaokusifu unawajibu wote.

Unakumbuka tulivyokuwa tunakwenda mnadani? Robota la jinzi likifunguliwa tu, unapenya katikati ya wanaume na kutoka na suruali ambayo kila mtu ameikanyaga. Nikikucheka, unaniambia, "Dada, usiangalie tundu, angalia rangi." Tunarudi kibandani kwangu Majengo, wewe unakata, mimi nashona, na jaketi likining'inia tu mlangoni vijana wa chuo wanaligombania. Wazee wa kanisa waliniita kuniuliza kwa nini namshonea mdogo wangu nguo za kihuni. Niliwajibu kwamba uhuni haukai kwenye mfuko wa jaketi. Nilikupigania, Yona, mpaka wakanichoka.

Sasa nisikilize.

Kile kitenge cha maua ya njano ulichokifanya bitana ya majaketi yako, ambacho vijana wako wa maonyesho ya mavazi walikuwa wanafungua vifua jukwaani huko Dar ili kionekane, baba alimnunulia mama mwaka ule mpunga wa Bahi ulipokubali. Mama hakukishona. Alikiweka chini kabisa ya sanduku, akatuita mabinti, akasema siku akiondoka tumfunge hicho, aende nacho kwa baba. Kila mwaka baada ya mavuno nilikuwa nakitoa, nakianika kivulini, nakirudisha. Wewe hukuambiwa, najua. Kwetu mambo hayo wanaambiwa mabinti, maana ndio watakaomwosha mama. Ulifungua sanduku ukaona kitambaa kizuri ambacho hakijaguswa na sindano, ukadhani kimesahaulika. Hilo ningelimeza.

Lisilomezeka ni hili. Mwaka huu nilipoinama kukitoa nikakuta vipande vilivyoachwa na mkasi wako. Nikakupigia, siku hiyo ulipokea. Nikakueleza yote huku nalia. Ukasema, "Basi dada, nitamnunulia kingine, tena cha bei."

Kingine. Na wiki hiyohiyo ukaandika chini ya picha yako kwamba kitambaa hicho ulikiokoa kwenye panya. Panya gani, Yona? Panya ni mimi niliyekuwa nakianika? Watu wakakupigia makofi, wakasema unaenzi vya bibi zetu. Mwenye kitambaa yuko hai, hata salamu hujampigia.

Mama yuko kwangu hapa Ihumwa. Macho yamekwisha, miguu imekwisha, mikono bado. Nilimwambia ukweli, sikuona sababu ya kumdanganya mtu anayejiandaa kuonana na Mungu wake. Unajua aliniuliza nini? Aliniuliza kama waliovaa walipendeza. Nikasema walipendeza. Akacheka, akasema Yona tangu utoto hapiti kwenye kitu kizuri bila kukishika. Na yeye ananiudhi. Anakutetea mpaka inabidi nitoke nje nikafagie uwanja ambao tayari ni msafi.

Lakini juzi homa ilipompanda, akasahau kwamba amekusamehe, akaomba kitambaa chake akishike. Nilikimbia dukani nikapata kinachofanana, maua yaleyale, njano ileile, nikamwekea mikononi. Akakipapasa pindo hadi pindo. Kisha akanirudishia taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto wa jirani.

"Hiki hakijamjua baba yako," akasema.

Kwa hiyo usimnunulie mtu kitu. Nakusikia kwenye mahojiano yako ukisema nguo ya mtaani lazima iwe na hadithi. Haya, hadithi ya hiyo umeshaijua, na wewe umo ndani yake vibaya.

Majaketi uliyouza yamekwenda, siwezi kumvua mtoto wa watu barabarani. Lakini lako unalo, nimeliona kwenye picha ya Jumapili, na bitana ya mgongoni ni kipande kizima. Kitatosha kumfunika kifua. Hicho ndicho ninachokitaka, sitaki samahani ya kuandikwa na kuwekewa mioyo na watu nisiowajua.

Panda treni. Usimpe dereva wa basi, usitume rafiki. Njoo nalo mwenyewe, ukae chini mbele ya mama. Mimi nitafumua, wewe utashika kitambaa kisichanike, na yeye atakushika kichwa kama anavyopenda, na mimi nitavumilia.

Ila ukichelewa, ukakuta kina mama wameshafunga mlango wanamwosha, usiende kukaa na wanaume kulia. Vua jaketi hapohapo uwanjani, mbele ya watu wote, nipitishie mlangoni.

Mungu akulinde njiani, maana mimi hasira yangu bado ipo.

Dada yako,
uliyemwachia sanduku tupu