Gaju kwa Mashine Isiyokula Mafuta

Juru, Nakivale
Isingiro, Uganda
14 Mei 2025

Mpendwa Baba mdogo Muhirwa,

Bwana asifiwe huko Kanada. Mnaamkaje, wewe na Mama mdogo Kanyange? Mgongo wako je, umepata nafuu? Sisi tunashukuru Mungu, mvua imenyesha na maharage yametoa maua. Baba hajambo mwilini. Kichwani, sijui.

Naandika kwenye karatasi, halafu nitaipiga picha nikutumie, kwa sababu nyumba yetu hapa kambini ni ya turubai na nikikupigia simu Baba atasikia kila neno. Ni habari ya Gaju, yule ngombe uliyempa Baba siku ulipotuaga. Anataka kumtoa abadilishe na mashine.

Ndiyo, mashine! Kuna bwana mmoja Mbarara anajiita injenieri. Anasema yake inatoa umeme bila mafuta, bila jua, bila maji. Moteri inazungusha dinamo, dinamo inalisha moteri, na umeme unaobaki ni wako bure mpaka Yesu arudi. Baba anataka kuchajia simu watu wote wa Juru.

Nilienda naye kuiona. Kweli ampuli, zile taa zake, ziliwaka. Nikauliza ile batri iliyofungwa chini kwa kitambaa ni ya nini. Eti ni ya kuamsha mashine tu. Nikamwomba aitoe basi, maana mashine imeshaamka. Akasema kwanza tuombe. Tukaomba, na maombi yalikuwa marefu! Tulipofumbua macho alikuwa ameshaizima na kuifunika. Mimi nilitaka kucheka. Baba machozi yalimtoka, akasema mtu anayeomba hivyo hawezi kudanganya.

Hapo hapo Baba akamwahidi yule bwana kumpa Gaju. Jumamosi lori linakuja.

Baba mdogo, unajua Uwera alituachia mtoto, Mungu amrehemu dada yangu. Kabanda bado hajaota jino hata moja, na anachokunywa ni maziwa ya Gaju. Hakuna ngombe mwingine hapa kwetu. Nilipomwambia Baba hivyo, akajibu: "Mashine itatununulia maziwa mingi, we mutoto unaogopa nini?" Naogopa, Baba mdogo.

Jana nilikosea njia ya kusema. Tukiwa tunakula nilimuuliza kama hakumbuki yule ngombe wa mzee Rwakabuba aliyekuwa anajinyonya mwenyewe, kama aliwahi kunenepa, au kama alibakizia nyumba hata kikombe cha maziwa. Wote walicheka, hata Mama. Baba alinawa mikono akatoka. Tangu hapo haongei na mimi. Na mimi namuonea huruma, maana mtu aliyechunga kundi zima kule milimani kwetu leo anapalilia kashamba ka maharage.

Sasa sikia ninachokuomba. Ngombe wa kupewa hatoki zizini bila aliyemtoa zawadi kuambiwa na kukubali, wewe unajua, na Baba hawezi kuvunja hiyo hata akiwa amerukwa na akili. Atakupigia Ijumaa baada ya ibada. Tafadhali, mkatalie. Usimwambie "fikiria kwanza", usimwambie "ndugu yangu wewe ndiye unajua". Sema hapana. Akikasirika, akukasirikie wewe uliye ngambo. Mimi ninaishi naye chini ya turubai moja.

Msalimie sana Mama mdogo Kanyange na watoto, na Bernardine jirani yenu. Huku Mama, Gasore na bibi Yudita wanawasalimu. Bwana awafunike na baridi ya huko isiwashinde.

Ni mimi mtoto wako akupendaye,
Umwiza

Nyongeza: Baba ameingia sasa hivi akanikuta naandika. Anadhani ni barua ya kumuombea ruhusa. Amekaa karibu yangu, mara ya kwanza tangu jana, akasema niandike hivi: kwamba wewe ni mdogo wake lakini katika jambo hili ni mkubwa, na neno lako, lolote litakalokuwa, atalifuata. Nimeliandika kama alivyosema. Amenishukuru.