Baba na Ukuta wa Ukumbi

Jumatatu, 3 Juni

Ijumaa wanakuja wageni wa kampuni ya utalii. Watazungushwa kwenye vivutio vyetu, kisha waamue kama mji huu unafaa kuingizwa kwenye safari zao. Vivutio vyenyewe sasa! Makumbusho yana vyumba viwili — kimoja taa imeungua. Jumba la sanaa limekodishwa kwa semina ya bima. Nimebakiwa na mchoro wa ukutani pale ukumbi wa maigizo, ule wa wanawake sokoni. Bosi kasema wageni wakiondoka wamenuna, kitengo cha utamaduni kinafungwa na mimi narudi kaunta ya leseni. Mungu apishe mbali!

Jumanne, 4 Juni

Nimepita ukumbini. Mwanamke wa katikati hana pua!

Mlinzi anasema mzee alikuja na ngazi yake, naye angemzuiaje mchoraji mwenyewe? Mzee ni baba yangu. Mwanamke ni marehemu mama. Kikulacho ki nguoni mwako — changu kinakunywa chai jikoni kwangu.

Nimemuuliza. Kajibu bila wasiwasi kwamba anarekebisha, alimkosea mama tangu mwanzo. Macho yanafifia, anataka amalize angali anaona. Amalize nini? Mchoro uliisha kabla sijaanza shule!

Jumatano, 5 Juni

Pua imerudi, ila si ya mama. Ni ya shangazi! Nimemwambia hivyo. Kacheka, kasema basi ataipunguza. Nikamfokea baba yangu mzazi kama mtoto mtukutu. Nikamwambia mimi namkumbuka mama vizuri kuliko yeye. Nimeficha brashi zake juu ya kabati. Najisikia vibaya, lakini hasira bado ninayo.

Alhamisi, 6 Juni

Kanunua brashi nyingine.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika nimekaa kwenye kizingiti cha ukumbi, maana nikisimama nitapiga kelele. Baba yuko juu ya ngazi. Uso wote kaufuta. Wote! Basi la wageni limeegeshwa ng'ambo. Bosi anapiga simu, sipokei.

Nilimwambia ashuke. Hakushuka. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kile kidoti cha mama kilikuwa shavu gani.

Kulia, nikamjibu, angalia picha ya kijitabu chetu cha utalii. Akasema hiyo ni picha ya mchoro, na mchoro ndio uliokosea. Au labda haukukosea, hana hakika tena. Picha za nyumbani zote zililowa siku paa lilipovuja. "Wewe si ndiye unayemkumbuka? Niambie."

Nimefumba macho. Naona kitambaa chake. Naona mikono yake, nasikia hata anavyoniita nikichelewa kuamka. Shavu silioni. Najaribu kushoto, najaribu kulia — kote kunakubali.

Wageni wanavuka barabara, bosi mbele yao.

"Sema basi, mwanangu," baba anasema. "Rangi inakauka."