Video ya Mazishi Yako Imeijaza Seva

Baba Akinyi,

Nimechefuka. Ningeanza kwa kukuuliza umelalaje kaburini huko Pap Onditi, lakini wewe ndiwe uliyenifundisha kusema kosa kwanza, salamu baadaye.

Unamkumbuka Meneja wa kliniki yetu? Siku ya kukuzika alishika maikrofoni mpaka mchungaji akaanza kutazama saa. Akasema seva yako ya Linux, inayotunza data zote za kliniki hapa Kondele, haikuwahi kulala miaka yote uliyoitunza. Akalia, akapewa leso. Sasa sikia. Wiki tatu hizi seva inakwama kila mchana, na huyo huyo anawaambia wauguzi, "Huyo mzee alituachia takataka, bana." Ijumaa anataka itupwe.

Dawa yao ni moja: zima, washa. Inapumua kidogo, kisha inakwama tena. Jumanne majibu ya maabara ya asubuhi nzima yalipotea, na mtoto mmoja akadungwa kidole mara ya pili. Mama yake alikishika kile kidole, akakipuliza. Ninajionea kinyaa mpaka leo, kwa sababu aliyebonyeza kitufe siku hiyo ni mimi. Mimi, mwanafunzi wako! "Nyathina, mwanangu," ulikuwa ukiniambia huku unamenya njugu juu ya kibodi, "mashine haizimwi kabla haijaulizwa."

Jana nikaiuliza. Nilisoma kumbukumbu za mfumo kuanzia chini kwenda juu, vile ulivyopenda. Kila mstari ulilia jambo moja: hakuna nafasi. Nikapima diski, imejaa pomoni. Nikafuata folda moja hadi nyingine, nikakukuta wewe.

Video ya mazishi yako, Baba Akinyi. Yote, ya kamera mbili, na ya ile droni iliyotuvurugia maombi. Meneja aliiweka kwenye seva eti kwa heshima, na ile programu yako ya kunakili data ikawa inainakili upya kila mchana, kwa utiifu wake. Sisi tulikuzika mara moja. Mashine ilikuwa inakuzika kila siku, mpaka ikakosa pumzi.

Nilitazama kidogo. Yuko pale anakusifu, leso mkononi. Nikaifunga.

Nakala moja nilimpelekea Mama Akinyi kwenye flashi. Aliipokea kwa mikono miwili, akaniuliza kama sauti yako imo. Kisha nikarudi kazini, nikazifuta zote zilizobaki. Leo mchana umepita na hakuna aliyegusa kitufe.

Lakini kabla ya kufuta, nilichapisha orodha ya yale mafaili. Ulinionyesha kwamba kila faili huandikwa jina la aliyeliweka. Ukurasa mzima ni jina la Meneja, mstari kwa mstari. Ijumaa akisimama mkutanoni kukutupia lawama, nitausoma mbele ya wote, na sitahitaji maikrofoni. Nitaanza na kosa langu la Jumanne, ndipo nifike kwake.

Lala salama, Baba Akinyi. Sitaizima tena kabla sijaiuliza, nakuahidi. Nimeisafisha seva yote, ila maganda yako ya njugu nimeyaacha ndani ya kibodi.

Mwanafunzi wako,
Atieno