Zege Katikati ya Msimu wa Korosho

Jumamosi, Oktoba. Joto la leo lilikuwa la kuchemshia maharage. Mawingu yamejikusanya upande wa Msumbiji tangu asubuhi, na mikono imenivimba hata hizi herufi nazibonyeza kwa kidole kimoja. Lakini lazima niandike. Furaha ya namna hii nikilala nayo itanipasua.

Daraja letu limepata sakafu!

Kama ni mgeni hapa: mimi ni mhandisi wa saiti kwenye daraja dogo linalojengwa juu ya kijito, karibu na mlango wa mto Ruvuma. Mvua zikikolea, kijito kinafurika na kijiji cha ng'ambo kinabaki kisiwa. Wajawazito huhamia mjini mapema, wakasubiri uchungu kwenye vyumba vya ndugu. Ndiyo maana sakafu ilipaswa kumwagwa kabla ya mvua, tena kwa siku moja bila kusimama. Zege likikatikia katikati, pale pa kuungia ndipo ufa utakapoanzia.

Sasa sikia balaa. Kabla ya mvua ndiyo msimu wa korosho. Huku kwetu korosho zikianza kudondoka, humpati fundi wala kibarua. Kila mtu yuko shambani ameinama. Ratiba iliyotoka makao makuu haikuwa na habari. Jedwali la vihatarishi lilitaja mvua, nondo kuchelewa na mafuta kupanda bei. Nilipoongeza neno moja, korosho, bosi wangu wa Dar es Salaam alicheka hadi akakohoa.

Dawa yake ilikuwa kuleta vibarua wageni kwa lori. Nikakataa. Wanakijiji waliahidiwa kazi hii, na mimi niliyezaliwa Magomeni ya huku huku kusini, nikasomeshwa kwa korosho za bibi yangu, siwezi kuwageuka watu kwa kosa la kuvuna.

Nikapanga la kwangu. Asubuhi tunajenga. Alasiri kikosi kizima, nami nikiwemo, tunaokota mabibo na kuzing'oa korosho zake kwenye shamba la mmoja wetu, kesho la mwingine, mpaka mashamba yote yawe safi. Watu wa huku wamesaidiana mashambani kwa zamu tangu enzi; mimi nimeiingiza tu desturi yao kwenye ratiba.

Habari zikamfikia bosi. Akanipigia: "Wewe ni mhandisi au mwokota mabibo?" Kisha sauti yake ikapoa, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Zege lisipokamilika Jumamosi, Jumatatu saiti itakabidhiwa kwa mtu mwingine.

Nilijifanya jasiri. Ukweli ni kwamba wiki nzima nilikesha nikihesabu mashamba yaliyobaki.

Leo alfajiri walikuja wote, na wengine wakaja na wake zao. Mikisa ya kuchanganyia zege ikaanza kunguruma, toroli zikapishana juu ya mbao, akina mama wakateka maji huku mmoja wao, Bi Somoe, akiongoza nyimbo. Fundi Mnali, msimamizi wa mafundi, alimtania kila aliyepita. Mimi alinipa cheo kipya, Meneja wa Mabibo.

Tulikuwa tumeshavuka nusu ya sakafu, simu zilipoanza kulia. Ya kwanza, ya pili, halafu kila mfuko. Ghala la chama cha ushirika limefunguliwa, korosho zinapimwa leo, na anayewahi foleni ndiye anayelipwa kwanza. Nawajua watu wangu mimi. Ghala likifunguliwa, hata bibi harusi anaachwa peke yake ukumbini. Nikauona ufa katikati ya daraja, nikamwona na huyo mtu mwingine amevaa kofia yangu ya saiti.

Hakuna aliyeangusha koleo.

Nikamfuata Fundi Mnali, nikamuuliza mbona watu hawaondoki. Akanitazama kwa huruma. "Aa, Injinia! Magunia yetu yamepanga foleni tangu jana, mashangazi wanayalinda. Au ulidhani kupanga unajua peke yako?"

Walicheka mpaka upande wa pili wa daraja. Nikacheka nao, nikiona haya kidogo na kujivuna zaidi. Nilivyohangaika jinsi ya kuwazuia, kumbe wenyewe walishaamua kubaki.

Toroli ya mwisho ilimwagwa jua likiwa bado juu. Vigelegele vikapigwa. Nikamtumia bosi picha, naye akajibu: "Hongera. Jumatatu endelea." Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi kuliko barua ya mchumba. Ndiyo, najisifu! Nisipojisifu leo nitajisifu lini?

Ila kilichoniliza ni kingine. Tulipokuwa tunaosha vifaa, Bi Somoe alisimama kando, saruji imemkaukia hadi viwikoni, akampigia binti yake aliye ng'ambo. Binti ana mimba kubwa, atajifungua mvua zimekolea na zege limeshakomaa, na safari yake ya kuhamia mjini ilikuwa wiki ijayo. Bi Somoe hajui kuongea na simu kwa sauti ndogo.

"Mwanangu, lile begi ulilofungasha, lifungue. Huhami. Siku yako ikifika, gari litakufuata hapo hapo mlangoni, mvua inyeshe isinyeshe."

Kisha akabaki na simu sikioni, machozi yakimtiririka, kwa sababu binti naye alikuwa analia. Mimi nikajifanya nakagua mbao.

Kesho ni Jumapili, lakini zege bichi halijui mapumziko, linataka maji. Alfajiri nitakuwa pale na ndoo yangu, nilinyweshe mwenyewe.