Bibi Harusi Alipoziba Taa za Basi

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, ila nakwambia mapema kwamba kamera yangu siuzi, kwa hiyo kama ushauri wako ni huo uweke pembeni kabla hujaendelea kusoma.

Mimi ni mjane, fundi wa kushona viti vya magari, na siku za mapumziko nazunguka gereji na stendi kupiga picha mabasi ya zamani, yale ya pua mbele, yenye ngazi nyuma ya kupandia kwenye keria na kamba ya kengele juu ya vichwa vya abiria, na nilianza siku nilipokuta basi ambalo viti vyake nilivishona kwa mikono yangu linakatwakatwa kuwa vyuma chakavu na hakuna hata picha yake moja iliyobaki, nikalia pale pale, mafundi wakanicheka, tangu hapo wananiita Mama Mabasi, nami naitika.

Sasa shida. Marehemu dada yangu aliniachia binti, nimemlea tangu hajaota meno, ananiita mama mdogo lakini mama mwingine hamjui. Mwezi uliopita aliolewa, na kabla ya harusi alisema picha utapiga wewe, mama mdogo, sitaki mpiga picha wa kukodi, nikafurahi mpaka nikashindwa kula, kumbe bwana harusi naye kwa kutaka kunifurahisha kakodi basi la zamani la kubeba wageni, lilipoingia getini, mshauri, pua ndefu, taa mviringo kama sahani, rangi yake ya kwanza haijaguswa, jua liko mgongoni mwangu, dereva kakunja gurudumu la mbele kidogo kama tunavyopenda sisi watu wa mabasi, nikapiga magoti, na hapo bibi harusi akaja kusimama mbele ya basi anatabasamu, mdomo ukanitangulia nikasema, "Mwanangu, sogea kidogo, unaziba taa."

Wageni walicheka. Yeye hakucheka. Alisogea, akapanda basi, na tangu siku hiyo simu zangu hapokei, na mwisho wa mwezi anahama na mumewe kwenda mji wa mbali.

Kaka yangu mkubwa akaitisha kikao, kaka huyu huyu ambaye timu yake ikifungwa mtaa mzima haulali kwa kelele zake, akasema mwanamke wa umri wangu kulala kifudifudi barabarani kupiga picha magurudumu ni aibu ya familia. "Kabidhi kamera, au umsahau mtoto. Chagua, damu au mabati." Nikamjibu, "Kaka, mimi ni samaki mkavu, sikunjiki," nikachukua pochi yangu nikaondoka. Nimekosa nini? Mwanangu namtaka na kamera siitoi. Nifanyeje?

Mama Mabasi

MSHAURI ANAJIBU

Mama Mabasi, kamera usiitoe. Hilo tumelimaliza. Kwa ulivyoandika, bibi harusi hajadai kamera ya mtu. Kaka yako ndiye aliyeona ufa akapitisha mkono. Siku atakayokabidhi televisheni yake ya kutazamia mpira, mwambie, ndipo mtakaa kikao. Mwanamke aliyelea mtoto wa marehemu kwa sindano na uzi haombi ruhusa ya kulala barabarani. Angalia tu magari yanayokuja.

Sasa geuka huku nikuseme. Unauliza umekosa nini? Umenieleza pua, ngazi, taa, kengele, mpaka jua lilikuwa upande gani. Gauni la mwanao lilikuwaje? Mshonaji mzima, hata neno moja! Nimeisoma barua yako mara mbili nikilitafuta. Binti huyu hana wivu na basi. Alikataa mpiga picha wa kukodi kwa sababu alitaka macho yako, hayo unayoyapa mabasi, yamwangalie yeye siku moja tu. Ukamwambia asogee. Na wewe ndiye unayejua uchungu wa kitu kuondoka bila picha! Nimekasirika, na nina haki.

Simu acha. Nenda mlangoni kwake kabla hajahama, peke yako, bila kaka wala shangazi wa kukusemea. Sema, "Mwanangu, nilikukosea," kisha nyamaza. Ukitaja jua au gurudumu kabla hajakujibu, umeharibu. Akikufokea, vumilia, ulimi huo kaurithi kwako. Kamera usiifiche nyumbani eti uonekane umetubu. Ining'inize shingoni, ajue anaombwa radhi na mama mdogo yule yule aliyemlea. Ukipenda boga penda na ua lake, na mtoto huyo alishakupenda na mabasi yako zamani, la sivyo mumewe angejuaje kukodi lile?

Moyo wake ukishatulia, mwombe avae gauni tena. Dereva unamjua, nyinyi watu wa mabasi mnajuana, basi aje na lile lile. Jua likae linapotaka, gurudumu likunjwe au lisikunjwe. Mwanao asimame mbele, katikati kabisa. Akiziba taa, bonyeza.